Samaki Wazazi wa Mzee Nasoro

Qurum, Muscat
Mwishoni mwa mwezi wa tano

Kwa baba yangu, Mzee Asegelile,

Shikamoo Baba. Kwanza nakuulizia kifua chako, maana najua wakati huu ukungu umeshaanza kushuka mpaka mlangoni, na wewe lile sweta hupendi kulivaa. Livae. Goti nalo linaendeleaje? Na Mama, alikubali kwenda kung'oa lile jino, au bado anajitibu kwa karafuu? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku limeshakuwa kali, sufuria ukiianika nje unaishika kwa kitambaa, lakini nimezoea. Moyo ndio hauko sawa, ndiyo maana nimeamua kukaa chini nikuandikie badala ya kupiga simu.

Najua Kaka Ambakisye alikuambia kwamba Mzee Nasoro amefariki. Hakuwa na zaidi ya kukuambia, kwa sababu kadi yangu ya simu iliisha nikiwa ndiyo kwanza nimelitamka hilo. Nilipompigia tena aliniambia alikukuta mtoni na panga, jirani mmoja akikusaidia, unafyeka njia ya kuteremkia kwenye lile shimo la samaki ili mgeni wako asiteleze, na kwamba ulipoambiwa ulimaliza kufyeka kipande kilichobaki, kisha ukarudi nyumbani. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia hospitalini.

Sasa nataka nikueleze yote tangu mwanzo. Mengine unayajua kuliko mimi, maana ulikuwepo na mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini nataka uyasikie jinsi yalivyotoka mdomoni mwake.

Unakumbuka nilipotoka kwenye ile nyumba ya kwanza, niliandika kwamba nimepata kazi ya kumtunza mzee mmoja Qurum, kwa binti yake, Bi Zuwena, anayefanya kazi wizarani. Nilifurahi kwa sababu wanaongea Kiswahili nyumba nzima. Wao ni Waomani, lakini mzee alizaliwa na kukulia bara, na nilipofika sikujua ni bara gani. Siku ya kwanza nilimpelekea kahawa barazani, akaniangalia kwa chini ya miwani.

"Kwenu wapi wewe?"

"Tukuyu, Babu."

"Tukuyu kubwa. Tukuyu ipi?"

Nikamwambia sisi tunakaa juu, karibu na kituo cha samaki, ng'ambo ya mto. Akakiweka kikombe chini.

"Na babaako nani?"

"Asegelile. Alikuwa akifanya kazi palepale kwenye mabwawa."

Kahawa hakuinywa. Nikafikiri labda nimekosa adabu mahali, nikamuuliza Bi Zuwena, naye akasema baba yake ana siku zake za kununa, nisijali. Lakini alininunia muda mrefu. Nilimwosha miguu, nikampa dawa, nikamsomea majina ya vitu vya dukani anavyotaka aletewe, na yeye ananijibu kwa kichwa. Mwisho, asubuhi moja nikimkata kucha, alisema bila kuniangalia: "Babaako alimaliza samaki wangu."

Baba, mimi nimekua nikisikia watu wakisema "twende tukachote maji kwa Nasoro", "ng'ombe amekwama kwa Nasoro". Nilijua ni jina la lile shimo la mto, kama ambavyo kilima kina jina. Sikuwahi kufikiri kwamba Nasoro ni mtu mwenye kucha, na kwamba siku moja nitakuwa nimeushika mguu wake.

Akaanza kunisimulia. Alisema baba yake alikuwa na duka la nguo na chumvi pale mjini Tukuyu, na yeye kijana hakupenda duka, alipenda mto. Wazungu walikuwa na chama chao cha kuvulia samaki wa trauti kwa fimbo ya mshipi, na mtoto wa mwenye duka hawakumtaka humo. Akanunua fimbo kuukuu kwa mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akawa anavua kwa kujificha, mpaka wewe ukamkamata.

"Alinikuta nnalo jike kubwa mkononi, limejaa mayai, nataka kulipiga jiwe," aliniambia. "Akasema usimuue huyo. Huyo ni mzazi. Nipe mzima, nitamkamua mayai, kisha nitakurudishia palepale ulipomtoa, na siku ya kumwaga vifaranga nitaanzia kwenye shimo lako."

Ndivyo mlivyofanya urafiki. Kila majira ya baridi, samaki wanapopanda mto kwenda kutaga, yeye anavua mmoja, anamweka kwenye debe la maji na kukimbia nalo mpaka kituoni. Wewe unamminya jike tumbo taratibu mayai yanaingia kwenye bakuli, unachanganya na maji ya dume, unayatandaza kwenye treya zenye maji yanayopita. Kisha mnamrudisha mzazi mtoni wote wawili. Aliniambia mlikuwa mnamkata ncha ya pezi ili mkimwona tena mmjue, na kwamba kulikuwa na jike mmoja mliyemkamata miaka mitatu mfululizo, mkawa mnamwita Shangazi. Aliposema hilo jina alicheka, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu nikaenda Mbeya kufuata mizigo ya duka. Niliporudi, nikakuta wavu umepita."

Sauti yake ilibadilika hapo, Baba. Alisema alikuta majani ya ukingoni yamelala chini, nyayo za watu wengi kwenye matope, na shimo limenyamaza. Akakimbilia kituoni akakukuta umesimama kwenye bwawa la wazazi, limejaa samaki mpaka migongo inaonekana juu ya maji. Akakuuliza umefanya nini. Ukamwambia ni amri ya bwana samaki mkubwa, wazazi wote wakusanywe, vifaranga vinatakiwa vipelekwe hata mito mingine. Ukamwambia asubiri, atarudishiwa mara mia.

"Nilisubiri," alisema. "Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Wa pili sikuona kitu. Baba alipofunga duka tukasafiri, sikumuaga Asegelile. Nilipita mbele ya kituo ndani ya lori nikageuza uso."

Ndipo nilipokupigia kwa simu ya Ambakisye nikakuuliza, Baba mlifanya nini na samaki wa Nasoro? Ukanieleza, na mimi nilikuwa sijawahi kukusikia ukiongea hivyo. Kwamba mvua ilinyesha wakati usiotakiwa, kilima kikameguka juu ya mfereji, na matope yakaingia kwenye treya zote za mayai. Mnayachota kwa mikono na bado yanaingia. Na lile bwawa la wazazi lilitegemea mfereji uleule, maji yakakatika, na kabla hamjapata njia ya kuwabeba kuwarudisha mtoni walikuwa wameshageuka matumbo juu. Mto ukakosa mama na ukakosa watoto. Ulisema ulimwona Nasoro akipita mjini mara nyingi baada ya hapo, na kila mara ukaingia kichochoroni, kwa sababu uliona haya. Ukanituma: "Mwambie tu. Usinitetee."

Nilimwambia, Baba. Nilimkuta barazani anachambua ndizi, nikakaa chini mkekani, nikamwambia vilevile ulivyoniambia, na matope, na mikono, na matumbo juu. Sikukutetea.

Akauliza, "Na Shangazi?"

"Baba anasema alikuwemo."

Akavua miwani. "Mimi miaka yote hiyo nnaamini samaki wangu walipelekwa mto mwingine," alisema. "Nnaamini kuna watu huko wamekaa ukingoni wanafaidi jasho langu. Nimewachukia watu ambao hawapo." Kisha akasema, "Kwa hiyo Asegelile naye alifiwa. Na hakuwa na mtu wa kumpa pole."

Hapo ndipo alipotaka nimpigie simu. Unajua mlichoongea, mimi nilisikia upande mmoja tu, wa pili alinisimulia mwenyewe simu ilipokatwa. Nilidhani mtalia au mtagombana. Nyie mkaulizana maji yamefika wapi. Akakuuliza lile jiwe jeusi la shimoni bado limesimama, ukamwambia limelala, akasikitika kama kaambiwa mtu kavunjika mguu. Kisha ukamwambia shida ya kituo cha sasa: kwamba samaki mlioanza nao upya wamezaana wenyewe kwa wenyewe mabwawani mpaka migongo inapinda, mayai yanageuka meupe na kufa, mnahitaji damu mpya ya mtoni, kwamba huko juu ya maporomoko trauti wa mtoni wamebaki wachache na wameanza kushuka tena mpaka kwenye shimo, kwamba wavu umepigwa marufuku, na Ambakisye na wenzake wa kituoni kwa fimbo hawawezi, wanakata mishipi tu. Ukamwambia, "Njoo univulie jike mmoja."

Baba, sijui kama unaelewa ulimpa nini. Yule mzee nyumbani kwa binti yake alikuwa kama mgeni anayeheshimiwa. Chakula anawekewa, viatu anavalishwa, televisheni anawashiwa. Hakuna aliyekuwa anamhitaji kwa lolote. Kuanzia siku ile alianza kuamka kabla sijamgongea mlango.

Mjukuu wake, Salim, anayefanya kazi kwenye kampuni ya mafuta, alimletea fimbo kutoka safari, nyembamba kama unyasi. Mzee akawa anafanya mazoezi uani. Mshipi unaruka juu ya ukuta, unarudi, unanasa kwenye mti. Siku moja alinasa baibui la Bi Zuwena lililokuwa limeanikwa, akalivuta mpaka katikati ya ua, na Bi Zuwena anatazama dirishani. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakaa chini. Manyoya ya kufungia ndoana ili ifanane na mdudu aliyachomoa kwenye mto wake wa kulalia, nikawa kila asubuhi nafagia.

Na mimi alinipa kazi. "Nitavua mimi, utabeba ndoo wewe. Babaako goti hana." Akamtuma dereva samaki asiyekatwa sokoni, tukamweka kwenye beseni la kufulia, akanifundisha jinsi ya kumshika aliye hai kwa kutumia mfu. Mikono ilowe kwanza, maana mkono mkavu unamchubua ule utelezi wake anaugua. Usimshike matamvua. Mwelekeze kichwa kwenye maji yanayokuja, umsubiri apumue, usimwachie mpaka aondoke mwenyewe. Nilijiona mjinga, mtu mzima nimemkumbatia samaki wa sokoni kwenye beseni. Yeye hakuona kichekesho chochote.

Tulitakiwa kuja mwaka jana. Hilo unalijua, kwa sababu ulingoja. Mzee alimwambia Bi Zuwena wakati wa chakula cha mchana, na Salim alikuwepo, na mimi nilikuwa nagawa wali.

"Baba, mwezi wa sita tuna harusi ya Salim," Bi Zuwena alisema. "Nani atakaa na wageni ukiwa milimani? Na daktari hajasema kitu. Mwakani, inshallah."

"Samaki hapandi mwakani. Anapanda mwezi wa sita."

"Kila mwaka una mwezi wa sita, Baba."

Alikula wali wake akamaliza, akanawa. Mimi nilimfuata jikoni Bi Zuwena, nikamwambia, samahani Bi, kule nyumbani wanamtegemea, si matembezi tu. Akaniwekea mkono begani. Akasema, "Sekela, mimi nna baba mmoja. Nataka kumpeleka akiwa na nguvu." Si mtu mbaya, Baba. Wala usimfikirie hivyo. Hata mimi ningekuwa na baba mwenye moyo ule ningesema hivyohivyo.

Harusi ilifana. Mzee alikaa na wageni kama alivyotakiwa, na nilipompelekea maji aliniuliza kwa kuninong'oneza kama Ambakisye amepata kitu. Nikamwambia hajapata. Ulikuwa umeshaniambia mayai ya mabwawani yamekufa yote tena mwaka ule, na kwamba ulikuwa unakwenda mwenyewe kukaa kwenye shimo unawaangalia wanavyopita, majike makubwa, na huna njia ya kuwachukua.

Mwaka huu hapakuwa na ubishi. Bi Zuwena mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa daktari kule Ghubra, na daktari akakubali, alimradi tusimpandishe milima haraka. Tiketi zikakatwa, yake na yangu na ya Bi Zuwena pia, maana alisema anataka kuuona huo mto unaomfanya baba yake achomoe manyoya ya mto. Tukaenda Ruwi kumtafutia koti la baridi. Mwezi wa tano, Baba, jua linapasua kichwa, sisi tunaingia duka moja tunatoka jingine tunauliza koti la sufu. Wenye maduka walituona wendawazimu. Tulilipata, la kijivu. Alilivaa dukani palepale akakataa kulivua mpaka kwenye gari.

Wiki iliyofuata, baada ya kahawa ya asubuhi, aliniita. Alikuwa barazani. "Sekela, mkono huu hausikii," alisema, kwa upole tu, kama anayeniambia chai imepoa. Nilipomtazama, mdomo ulikuwa umeanza kwenda upande.

Hospitalini alikaa siku chache. Siku za mwanzo alikuwa anaongea, kwa shida, na Bi Zuwena na mimi tulipokezana. Mchana mmoja tulikuwa wawili. Nilimdanganya kidogo, nilimwambia tiketi zinaweza kusogezwa mbele. Akatikisa kichwa.

"Huko mtoni hakuna wengine wenye fimbo?" aliniuliza.

Nikamwambia wapo. Mameneja wa mashamba ya chai, na wageni wanaokuja Jumamosi, na yule daktari wa misheni. Wanakata kibali kwa Ambakisye, wanavua, wakipata mkubwa wanapiga naye picha wanakwenda kumla.

"Babaako amewaomba?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia Ambakisye alitaka kuwaomba, na wewe ukamkataza. Ulisema watu wa fimbo hawatoi kitu, wanajua kuchukua tu, na wewe hutakwenda kusimama mlangoni kwa mtu na ndoo.

Akafumba macho. Nikafikiri amelala. Kisha akasema, na nilikuwa nimeinama ili nimsikie, kwa hiyo maneno haya ni yake, sijaongeza:

"Mwaka ule angeniomba ningempa. Ningemvulia mmoja mmoja, ningemletea wote kwa debe, nisingelala. Ningesema chukua, Asegelile, nusu tuwaache. Matope yangekuja, lakini nusu ingekuwa mtoni. Hakuniomba. Alijua nimekwenda Mbeya. Mwambie awaombe hao."

"Nitamwambia, Babu."

"Mwambie sisemi kwa hasira."

Baada ya hapo aliongea na binti yake tu, kwa Kiarabu, na kumwomba maji. Alifariki asubuhi, Bi Zuwena amemshika mkono mmoja na mimi nimekwenda kumletea nguo safi. Nilirudi nikakuta wameshamfunika.

Walimzika siku ileile. Kwenye matanga nilikuwa nasaidia kugawa kahawa, na wanawake waliokuja hawakujua kwa nini mfanyakazi analia kiasi kile. Bi Zuwena alinipokonya birika, akanivuta nikakae kando yake na dada zake, akawaambia, "Huyu ni mtoto wa rafiki yake Baba." Nimekuwa katika nchi hii miaka sasa, sijawahi kutajwa hivyo.

Walipoondoka wageni alikuja chumbani kwa mzee nilikokuwa natandua kitanda. Alikaa kwenye kiti, lile koti la kijivu liko magotini pake.

"Harusi ilikuwa ya siku mbili, Sekela," alisema. "Wageni wangemkosa, wangeuliza yuko wapi, ningewaambia kaenda kwao kuvua. Wangecheka, basi. Wangecheka tu."

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo.

Kwa hiyo Baba, sisi hatuji. Bi Zuwena yuko kwenye eda ya huzuni yake mwenyewe ingawa si ya mume, hatoki, hataki kusikia habari ya safari. Mimi likizo yangu ilikuwa juu ya mgongo wa mzee. Bila yeye wa kumsindikiza, sina. Mdogo wake Bi Zuwena, anayekaa Mabela kwenye zile nyumba mpya, anakaribia kujifungua, na mimi ndiye nitakayekwenda kumsaidia. Waliniuliza kama nitakubali, nikasema ndiyo, kwa sababu ni watu wema na sina pengine. Nyumbani labda mwaka kesho, na neno hilo naogopa hata kuliandika.

Sasa hili la mwisho ndilo nimelizungukia tangu nilipoanza. Wewe ni baba yangu, na si kazi yangu kukufundisha. Lakini nimetumwa na mtu ambaye amekufa, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba ujumbe wa mtu haukaliwi. Nenda ukawaombe watu wa fimbo. Usimtume Ambakisye peke yake, nenda naye, kwa sababu yeye watamwona ni mtu wa vibali, na wewe watakuona ni mtu aliyekaa na samaki hao maisha yake yote. Anzia kwa daktari wa misheni, ni mpole, aliniponya sikio nilipokuwa mdogo. Waambie wakipata jike lililojaa wasilipige jiwe. Waambie ndoo zitawekwa ukingoni na mtu wa kuzibeba atakuwepo. Waambie mtamkamua na kumrudisha palepale, na vifaranga vya kwanza ni vya mashimo yao. Waeleze na habari ya matope, usiifiche. Wakikataa, wamekataa, utarudi nyumbani umeomba.

Najua utasema, Sekela amekwenda Uarabuni amejifunza maneno. Sijajifunza maneno, Baba. Nimekaa na mtu aliyebeba kinyongo karibu miaka arobaini kwa sababu hakuulizwa swali moja ambalo jibu lake lilikuwa ndiyo. Na wewe ulikuwa upande wa pili, unaingia vichochoroni. Nimewapenda wote wawili, na nimeona jinsi mlivyopungukiwa.

Samaki wanapanda wiki chache zijazo. Ndiyo sababu barua hii nimempa mama mmoja wa kanisani kwetu Ruwi anayesafiri Ijumaa, aitie posta Dar es Salaam, iwahi.

Nisalimie Mama, umwambie vitenge alivyoniagiza ninavyo. Nisalimie Kaka Ambakisye, na wifi yangu Mama Tusa, na ule uji wa ndizi anaoupika asiache kukuletea. Msalimie Mchungaji, aombee nyumba ya Bi Zuwena ingawa si wa dini yetu. Yule jirani aliyekusaidia kufyeka njia umpe shukrani zangu, umwambie kazi yake haikupotea, mtu wa ndoo ataipita.

Ni mimi binti yako, niliyetaka sana kukuletea mgeni,

Sekela